Kumbukumbu ya Neno: Thamani ya Fasihi katika Historia ya Kihurio na Upare Kusini

Ikisiri

Makala haya yanajadili thamani ya fasihi katika maisha ya binadamu kwa kuangalia historia ya Kihurio na Upare Kusini, wilayani Same, tangu karne ya 19 hadi mwisho wa karne ya 20. Yanadai kwamba orodha ya dhima za fasihi iliyozoeleka katika mitaala haitoshi kueleza kazi ambayo masimulizi, dua, nyimbo na mafumbo yamefanya mahali hapo. Fasihi simulizi ya Wapare ilitunza maana za maneno ambayo watu waliyatumia kupima haki ya anayewatawala. Ushahidi unatoka katika maandishi ya wamisionari wa Kijerumani, utafiti wa kihistoria wa Isaria Kimambo, mgogoro wa kodi ya mbiru wa miaka ya 1940 na shauri la ardhi ya Mkomazi.

1.0 Utangulizi

Swali la faida ya fasihi hujibiwa kwa wepesi mno katika vitabu vya shule na hata katika tasnifu nyingi za vyuo vikuu. Fasihi, husemwa, huelimisha, huburudisha, huonya, hukosoa na kuhifadhi utamaduni. Orodha hiyo si ya uongo. Udhaifu wake ni kwamba inafaa vilevile kuelezea mahubiri ya Jumapili, kipindi cha redio kuhusu kilimo bora, au hotuba ya mkuu wa wilaya. Jibu linalofaa kila kitu halijaeleza chochote kuhusu kitu kimoja. Mwanafunzi anayelikariri hufaulu mtihani, lakini akiulizwa na baba yake mkulima ni hasara gani hasa ingempata mtu asiyejua utenzi wala ngano hata moja, hana la kusema.

Mjadala huu ni wa kale. Plato aliwatilia shaka washairi katika dola yake ya kufikirika kwa sababu, kwa maoni yake, wanaiga vivuli vya mambo na kuchochea hisia. Aristotle akajibu kwamba ushairi una falsafa kubwa kuliko historia, kwa kuwa historia husimulia lililotokea na ushairi husimulia linaloweza kutokea. Jibu la Aristotle limewatosheleza wahakiki wa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini linachukulia kwamba kuna mtu mmoja anayeandika historia na mwingine anayetunga ushairi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kazi hizo mbili zilifanywa na kinywa kimoja, na mara nyingi katika kikao kimoja. Huko, swali la thamani ya fasihi haliwezi kutenganishwa na swali la thamani ya kumbukumbu.

Ndiyo maana makala haya yanaliangalia swali hilo Kihurio, wala si Lamu, Pate au Unguja. Miji ya pwani ina hati, ina majina ya watunzi, ina tenzi zinazosomwa hadi leo. Ni rahisi kuonyesha thamani ya fasihi mahali ambapo fasihi imeandikwa, imehifadhiwa maktabani na kuhaririwa na wataalamu. Kihurio haina mtunzi anayetajwa katika historia za ushairi wa Kiswahili, wala hati ya kale iliyopewa namba katika mkusanyo wowote mashuhuri. Iwapo fasihi ina thamani kwa maisha ya binadamu kwa jumla, thamani hiyo haina budi kuonekana hata katika mahali kama hapo.

2.0 Kihurio na njia ya maneno

Kihurio ipo katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Mkomazi kupitia Ndungu na Gonja hadi Kisiwani na Same. Nyuma yake kuna milima yenye mvua, migomba na mashamba ya ngazi. Mbele yake kuna nyika kavu inayoelekea mpaka wa Kenya. Mji kama huo huishi kwa kukutanisha watu. Wapare hushuka na kupanda mlima. Wasambaa na Wazigua wako karibu upande wa kusini na mashariki. Wafugaji wa Kimaasai wamepitisha mifugo nyikani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Pangani kwenda bara ilipita bonde la Mkomazi na kupata chakula na maji Gonja na Kisiwani. Kiswahili kilifika huko kwa miguu ya wapagazi muda mrefu kabla ya kufika kwa kitabu cha shule.

Misafara ilileta pia utawala wa watu wa nje. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mnamo 1862, ufalme wa Wakilindi wa Usambara uligawanyika, na mwanawe Semboja akajijenga Mazinde, mahali palipotazama njia hiyo. Nguvu zake zilifika hadi Gonja. Habari za kipindi hiki zinajulikana sana kupitia kitabu cha *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi bin Ali 'lAjjemy, kilichochapishwa na misheni ya UMCA kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907, na kutolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Ni kazi yenye lugha nzuri ajabu, na ni haki kabisa kuihesabu miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili. Hata hivyo, ina upande. Mwandishi aliishi karibu na mabwana wa Kikilindi, na Upare huonekana humo kwa jicho la aliyetazama kutoka Usambara. Wakilindi walipata kitabu. Majirani zao hawakupata. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili wa karne ya 20 aliyetaka kujua habari za milima hiyo alizipata kutoka kwa upande uliokuwa na mwandishi.

Pwani pia ilikuwa imekwisha pata sauti yake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi kuhusu vita vya Wajerumani kutamalaki Mrima muda mfupi baada ya vita vyenyewe, na Allen akauhariri na kuuchapisha mwaka 1955. Watu wa Mrima waliposhindwa kwa silaha, walibaki na maelezo yao wenyewe ya jinsi walivyoshindwa. Kwa nini jambo hilo lina uzito litaonekana katika sehemu ya tano. Kwa sasa yatosha kusema kwamba Upare haukuwa na utenzi wa namna hiyo, na mtu angeweza kudhani, kama wakoloni walivyodhani, kwamba haukuwa na fasihi.

3.0 Wamisionari na vitabu vya kifungo

Walioandika maneno ya Wapare kwa mara ya kwanza kwa wingi walikuwa watu waliokuja kuyabadilisha. Wasabato wa Kijerumani, Johannes Ehlers na A.C. Enns, walifika Upare Kusini mwaka 1903 na kuanzisha kituo cha Giti, walichokiita Friedenstal. Vituo vingine vikafuata kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Kihurio kikiwa kimojawapo. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa na kazi yao upande wa Mbaga. Wote walihitaji lugha. Msabato Ernst Kotz alitoa sarufi ya Chasu, yaani Kipare, mjini Berlin mwaka 1909, na baadaye kitabu juu ya mila za Wapare, *Im Banne der Furcht*, kilichotoka Hamburg mwaka 1922. Mlutheri Jakob Janson Dannholz alikwisha kutoa kitabu chake, *Im Banne des Geisterglaubens*, mjini Leipzig mwaka 1916.

Vichwa hivyo viwili vinaanza kwa maneno yaleyale: "katika kifungo cha". Kimoja kinasema kifungo cha hofu, kingine kifungo cha imani ya mizimu. Watu wa madhehebu mawili yaliyoshindana kupata waumini katika milima ileile walikubaliana jambo moja, kwamba walichokuwa wakikiandika ni pingu. Kisha wakaziandika pingu hizo kwa makini makubwa. Dua, masimulizi ya asili ya ukoo, habari za Kiumbi aliyeumba na ya watu waliojaribu kumfikia, miiko, taratibu za jando: yote yalitiwa kwenye karatasi ili msomaji wa Ujerumani aone giza lililohitaji nuru. Baadhi ya masimulizi hayo yanafanana mno na ya Kitabu cha Mwanzo, na mtafiti makini ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ufanano huo kilitoka kwa msimulizi na kiasi gani kilitoka kwa msikilizaji aliyekuwa akitafuta cha kufananisha. Shaka hiyo haiondoi thamani ya rekodi; inamtaka anayeitumia ajue ilikusanywa na nani, kwa kusudi gani.

Kitu kimoja hakikuonekana na Kotz wala Dannholz, au hakikuwafaa kukiona. Dua iliyosomwa kwenye mpungi, mahali patakatifu pa ukoo palipohifadhiwa mafuvu ya wahenga, ilitaja majina kwa mpangilio. Aliyeisoma alipita kizazi baada ya kizazi hadi kwa aliyekuja kwanza na mahali alikotoka. Kwa jicho la misheni, huo ulikuwa woga wa wafu. Kwa jicho la mwanafasihi, ni utanzu wenye umbo thabiti, wenye urudiaji unaosaidia kukumbuka, na wenye hadhira inayojua iwapo jina limerukwa. Kwa jicho la mwenye shamba, ilikuwa hati. Ukoo usioweza kutaja wahenga wake mbele ya watu ulikuwa umepungukiwa na haki ya kudai bonde, mfereji au zamu ya maji katika ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji ya umwagiliaji. Jinsi dua hizo zilivyosemwa vizuri halikuwa jambo la pembeni. Uzuri wa mpangilio ndio uliozifanya zidumu, na kudumu kwake ndiko kulikokuwa na faida.

4.0 Masimulizi yanapokuwa historia

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito wa namna nyingine. Katika miaka ya 1960 alikusanya habari kwa wazee wa koo mbalimbali kaskazini na kusini, akazilinganisha, akahesabu vizazi, na kuandika historia ya siasa ya Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Jan Vansina alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba mapokeo simulizi yana kanuni za uhakiki kama hati zilivyo na zake. Kimambo aliitumia kanuni hiyo katika nchi aliyoijua lugha yake.

Matokeo yake yanajulikana kwa wanafunzi wa historia, lakini wanafunzi wa fasihi hawayasomi inavyostahili. Masimulizi ya Ugweno, Upare Kaskazini, yalieleza jinsi ukoo wa wahunzi wa Washana ulivyopinduliwa na Wasuya chini ya Angovi, na jinsi Mranga mwanawe alivyopanga upya utawala kwa mabaraza na kwa mshitu, yaani jando lililofanyika msituni. Mshitu ulikuwa chuo cha maneno. Vijana waliingia humo wakafundishwa kwa nyimbo na mafumbo ambayo asiyepitia hakupaswa kuyajua. Kwa kuifanya taasisi hiyo kuwa ya dola, mtawala aliwafanya vijana wa koo tofauti wawe na hazina moja ya mafumbo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa fasihi ikijenga jamii, maana hapa haifuati dola nyuma kama msifu mwenye njaa. Ipo katika msingi wake.

Upare Kusini, ambako Kihurio ipo, hakukuwa na dola moja ya namna hiyo. Kulikuwa na maeneo madogo, kila moja na mfumwa wake, na koo zilizokuja kutoka pande nyingi. Kimambo alionyesha kwamba hata huko mapokeo yaliendelea kuwa sahihi kiasi cha kulinganishwa, kwa sababu koo zilizokaa pamoja zilisikilizana. Msimulizi aliyejikuza mbele ya jirani anayejua ukweli alisahihishwa papo hapo. Hadhira ilikuwa mhariri. Katika mjadala wa Kiswahili kuhusu fasihi simulizi, hasa baada ya M.M. Mulokozi kutoa uainishaji wake wa tanzu katika *Mulika* mwaka 1989, hadhira imetajwa mara nyingi kama sehemu ya tukio la kisanaa: inaitikia, inacheka, inaimba kiitikio. Kazi yake ya kusahihisha imetajwa kwa nadra, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini masimulizi yaliaminika.

5.0 Mbiru: serikali inapoazima neno

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Kiingereza na baraza la wafumwa wa Upare waliamua kuanzisha kodi mpya juu ya kodi ya kichwa. Tofauti na ile ya zamani, ambayo kila mwanamume aliilipa kwa kiwango kimoja, kodi hii ingelingana na mali ya mtu, ikikadiriwa na wakaguzi wa serikali ya wenyeji. Mtu wa leo anaweza kuiona kuwa ya haki, kwa kuwa mwenye nacho angelipa zaidi. Walioipanga waliiona hivyo. Walihitaji jina, wakaliazima kutoka kwenye mila: mbiru.

Mbiru lilikuwa neno la kale la Kipare kwa ada iliyotolewa na watu kwa mtawala. Kulitumia kulionekana kuwa jambo la busara, kwa sababu utawala wa kupitia machifu, ambao Waingereza waliusifu sana Tanganyika, ulitegemea hoja kwamba mambo mapya ni ya zamani yaliyoboreshwa. Kama Mpare alimtolea mfumwa wake mbiru enzi za mababu, angekataaje kumtolea sasa?

Alikataa kwa sababu alikumbuka neno hilo lilivyokuwa na maana gani. Katika masimulizi na desturi zilizohusu utawala wa kale, mbiru ilikuwa nusu ya mapatano. Mfumwa alipokea, na kwa kupokea kwake akawajibika: kusimamia dua za mvua, kuamua mashauri, kulisha wageni na wenye njaa, kulinda. Kilichotolewa kilirudi kwa sura nyingine, angalau kwa kanuni. Kodi mpya ilichukua jina bila kuchukua wajibu. Tena, ilimtaka karani aingie nyumbani kwa mtu kuhesabu mbuzi na mazao yake, tendo ambalo hakuna simulizi la mbiru lililowahi kulihalalisha. Mgogoro uliofuata kwa kawaida huelezwa kama mgogoro wa kodi, na kwa hakika uchumi ulikuwa na sehemu yake kubwa. Lakini ulikuwa pia mgogoro wa semantiki. Serikali iliamini kwamba neno ni chombo kitupu kinachoweza kujazwa chochote. Watu walijua kilichokuwamo.

Januari 1945 upinzani uliokuwa ukikusanya nguvu ulitoka hadharani. Maelfu ya wanaume walitembea hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kodi iondolewe. Hawakuvamia ofisi wala kuchoma nyumba. Walikaa, wakazungumza, wakaandika maombi kwa wakubwa wa serikali. Paulo Kajiru Mashambo wa Mamba, Upare Kusini, anakumbukwa kama kiongozi wa harakati hiyo. Kaskazini na kusini walishirikiana, jambo lisilokuwa la kawaida kwa watu wa milima iliyogawanyika kwa mabonde na madhehebu. Kimambo, katika kijitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mbiru, alionyesha pia jinsi watu waliosoma shule za misheni walivyoshiriki. Kalamu iliyofundishwa katika vituo vya aina ya Kihurio ili watu wasome Maandiko ilitumika kuandika hoja zilizotokana na mapokeo ambayo vituo hivyo viliyaita kifungo.

Tukio moja la harakati hiyo linastahili kuangaliwa na wanafasihi kwa muda mrefu kuliko mengine, ingawa lilitokea Usangi, upande wa kaskazini. Mwaka 1946, wanaume wakiwa bado wako Same, wanawake waliwaendea maofisa. Jean O'Barr, aliyechunguza ushiriki wa wanawake wa Kipare katika siasa, anaeleza madai yao: kama mkuu wa wilaya hawezi kumaliza shauri hilo ili waume zao warudi, basi awe yeye mume wao, awape mimba wote. Maofisa waliona utovu wa adabu. Msomaji wa fasihi ataona kitu kilichotengenezwa kwa ustadi. Hoja inachukua madai ya mtawala kwa uzito kuliko yeye mwenyewe anavyoyachukua. Serikali ilijiita mlezi, baba, mrithi wa desturi. Wanawake wakaifuata hoja hiyo hadi mwisho wake wa kimantiki, mahali ambapo haikuweza tena kusimama bila kuaibika. Ni kejeli, ni chuku, na ni mantiki kali kwa pamoja. Wasikilizaji waliozoea uhuru wa maneno ambao wanawake wa Afrika Mashariki huupata katika nyimbo za harusi na za unyago wangelitambua umbo hilo mara moja. Karani hakulitambua, naye akaandika habari ya fujo.

Hapa ndipo orodha ya dhima za fasihi inapoonyesha upungufu wake. Wanawake wale hawakuwa wakielimisha wala kuburudisha, na hata neno "kukosoa" ni dogo kwa walichofanya. Walitumia uwezo ambao mtu huupata kwa kukaa muda mrefu na lugha yenye mafumbo: kuuona mfano uliofichwa ndani ya neno la mtu mwingine na kuutoa nje. Uwezo huo haufundishwi kwa waraka. Hukua kwa nyimbo, ngano, vitendawili na utani, kidogo kidogo tangu utotoni, bila mtu kuambiwa kwamba anaandaliwa kwa siku ya kumkabili mkuu wa wilaya.

Kufikia mwaka 1947 kodi hiyo ilikuwa imeondolewa na kiwango kimoja kurudishwa. Neno mbiru likabaki. Katika vitabu vya historia ya Tanzania leo halitaji tena ada ya mfumwa wala kodi ya Mwingereza. Linataja upinzani wenyewe. Walioazima neno ili kutawala walilipoteza kwa waliokuwa nalo.

Ingekuwa rahisi kupata kutokana na hayo picha ya jamii ambayo kumbukumbu yake haikuyumba. Picha hiyo haitakuwa sahihi. Mapatano ya kale ya mbiru hayakuwa ya haki siku zote. Wapo wafumwa waliopokea bila kurudisha, na karne ya 19, yenye biashara ya watumwa na bunduki, iliwaacha baadhi yao wakiwa wanyang'anyi kuliko walezi. Waandamanaji wa 1945 walikumbuka mbiru ilivyopaswa kuwa. Fasihi hutunza kipimo, na kipimo si lazima kiwe kimefikiwa na mtu yeyote. Katika jambo hili Aristotle alikuwa karibu na Same kuliko inavyodhaniwa.

6.0 Mkomazi: masimulizi mbele ya mahakama

Hadi hapa makala yamezungumzia kumbukumbu iliyowasaidia walioitunza. Nyika iliyo mbele ya Kihurio ina kisa kingine kisichokubali kufungwa kwa furaha. Pori la Akiba la Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951. Wafugaji waliendelea kuishi na kuchunga ndani yake kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1988 serikali ilipowaondoa. Dan Brockington ameandika kwa kirefu juu ya uondoaji huo na matokeo yake kwa watu wa pande zote za pori. Wafugaji 53 walifungua shauri wakidai haki ya kimila juu ya ardhi hiyo, na shauri likafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyotoa hukumu mwaka 1999.

Ushahidi wa wadai ulitegemea maneno ya wazee: walikozaliwa, wazazi wao walikochunga, visima walivyovitumia. Ni aina ileile ya maneno ambayo Kimambo aliyakusanya upande wa mlimani. Mahakama ikaona kwamba Wamaasai walikuwa wamefika katika eneo hilo baadaye, na kwamba Wapare waliwatangulia. Kwa hiyo haki ya asili waliyoidai haikuthibitika. Kumbukumbu ya kutangulia ya watu mmoja ikawa sababu ya kupungua kwa kumbukumbu ya watu wengine, na Wapare waliotajwa katika hoja hiyo hawakurudishiwa nyika. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa.

Mwanafasihi hana uwezo wa kupitia hukumu ya mahakama, wala si kazi yake. Anaweza tu kuuliza mahakama ilisikia utanzu gani. Ushahidi wa kisheria humtaka mzee ajibu swali moja: nani alitangulia, na lini? Masimulizi ya nyika hayakutungwa kujibu swali hilo. Majina ya mahali ya wafugaji hueleza maji yaliko wakati wa kiangazi, njia ya kupitisha ng'ombe bila kugombana, na aliyempokea nani katika mwaka wa njaa. Yakikatwakatwa yaingie katika jibu la ndiyo au hapana, hubaki machache, tena dhaifu. Kitu kama hicho kiliwapata wazee wa Upare mikononi mwa Kotz na Dannholz, ambao nao walikuja na swali lao mkononi. Wapare walibahatika baadaye kumpata msikilizaji aliyejua kuuliza, naye alitoka miongoni mwao. Upande wa nyika bado unamsubiri.

Kazi ya kumwandaa msikilizaji huyo ni ngumu kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1960. Chasu kimechambuliwa vizuri na wanaisimu wake, Abel Mreta akiwa mmoja wao, lakini uchambuzi wa njeo na hali ni kitu kimoja, na kukusanya dua za mpungi, mafumbo ya mshitu na majina ya ndiva pamoja na maana zake ni kitu kingine. Watoto wa Kihurio wanasoma kwa Kiswahili, wanacheza kwa Kiswahili, na wengi wao husimuliwa ngano kwa Kiswahili kama wanasimuliwa. Hilo si msiba kwa lenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya njia hiyo tangu zama za misafara, na simulizi huweza kuvuka lugha. Kisichovuka kwa urahisi ni neno moja lenye historia ndani yake, la aina ya mbiru, ambalo tafsiri yake, "ushuru" au "kodi", ingewafaa sana waliolileta mwaka 1943.

Mtafiti atakayerudi kwa wazee wa koo za tambarare na za mlimani atakuta, kama Kimambo alivyokuta, kwamba karibu masimulizi yote ya Upare Kusini huanza kwa safari. Ukoo ulitoka mahali, ukakimbia njaa au ugomvi, ukafika, ukakuta watu, ukaomba maji. Majina ya waliowapokea yanatajwa pia.